Saikolojia ilivyofundishwa walimu, mwanafunzi akaachwa nje

MWAKA wa 2025, wanafunzi wa Gredi ya 9 walipokuwa wakichagua masomo ya Sekondari Pevu, binti ya dada yangu alinijia na karatasi yenye orodha ya masomo. Alikuwa ameichora mistari ya kalamu nyekundu kila mahali. "Mjomba," akaniambia, "nataka kusoma saikolojia lakini siioni. Ama imepewa jina jingine?"

Tukaketi, tukaipitia orodha pamoja kuanzia juu hadi chini. Masomo 38, mikondo mitatu. Mna Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani na Kimandarini. Mna useremala, umeme, uvuvi, muziki na densi, filamu na maigizo. Saikolojia hamna. Nikamwambia avute subira hadi chuo kikuu. Akakunja karatasi yake akaenda zake, na jibu langu likabaki likinikera mwenyewe.

Lilinikera kwa sababu mimi saikolojia niliisoma. Haikuwa kwa hiari. Yeyote aliyesomea ualimu katika nchi hii alifundishwa saikolojia ya elimu na kuifanyia mtihani. Tulikariri hatua za ukuaji wa akili za Piaget, tukakariri mambo ya balehe na ujana, tukaandika insha juu ya motisha. Anayezungumziwa katika madaftari yale yote ni nani? Ni huyu huyu mpwa wangu. Kuna taaluma nzima inayomhusu, na walimu wake wameisomea, ila yeye mwenyewe hajaalikwa kuisikia. Ningependa leo tuangalie jinsi mambo yalivyofika hapo, na jinsi wenzetu kwingine walivyoufungua mlango huo, maana nao hawakuufungua kwa urahisi.

Tuanze na neno lenyewe. Saikolojia tumelikopa kupitia Kiingereza, nacho kililitoa katika Kigiriki, ambako 'psykhe' ilikuwa pumzi kabla ya kuwa roho. Waliopendekeza 'elimunafsi' hawakukosea hata kidogo, kwani 'nafsi' tuliyoipokea kutoka Kiarabu ni ndugu wa neno la lugha hiyo hiyo lenye maana ya pumzi. Mgiriki na Mwarabu, kila mmoja kwa njia yake, walimtazama mtu anayehema wakahitimisha kwamba kilichomo ndani yake ni upepo. Mswahili naye akaongeza vyumba vyake: akili, moyo, roho, dhamiri. Ndiyo maana kwetu mtu huvunjika moyo, hupiga moyo konde, na roho yake hukaa mkononi anapoona hatari. 'Elimunafsi' haikushika sana mitaani, na sitapigana vita hivyo leo. Nitatumia 'saikolojia' kwa kuwa ndilo jina lililoandikwa mlangoni mwa kila idara.

Nchini Marekani somo hili liliingia shuleni mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1830 wanafunzi wa shule za juu walikuwa wakisoma kitu kilichoitwa falsafa ya akili, kwa vitabu kama vya Thomas Upham, mwalimu wa Chuo cha Bowdoin. Wakati huo hapakuwa na maabara wala takwimu. Kijana alifundishwa kuainisha fikra, hisia na utashi, na lengo kubwa lilikuwa kumlea awe mwadilifu. Yalikuwa mafunzo ya dini kwa kiasi kikubwa, lakini aliyefundishwa ni kijana mwenyewe.

Mambo yaligeuka saikolojia ilipojitangaza kuwa sayansi. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kiliundwa mwaka wa 1892, na rais wake wa kwanza, G. Stanley Hall, akatoa mwaka wa 1904 majuzuu mawili makubwa kuhusu ujana, akiueleza kuwa kipindi cha dhoruba na misukosuko. Kabla yake, William James alikuwa ametoa mihadhara ya saikolojia iliyochapishwa kama kitabu mwaka wa 1899. Mihadhara hiyo aliwatolea walimu. Hata hivyo, James aliwaonya: wasidhani sayansi hii itawapa ratiba ya kufundishia darasani, kwa sababu kufundisha ni sanaa. Walimu waliyachukua yale ya sayansi, onyo wakaliacha. Tangu hapo saikolojia ikawa chombo cha mwalimu, nacho chuo cha ualimu kikawa nyumba yake. Kijana akahama kutoka kwenye dawati hadi kwenye ukurasa.

Kurudi kwake kwenye dawati kulichukua muda mrefu, na hapa Uingereza ina kisa kizuri zaidi. Mtihani wa A-Level ulianzishwa huko mwaka wa 1951, bila saikolojia. Ilibidi kungoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bodi moja ya mitihani, AEB, ilipokubali kuitahini. Wengi wa watahiniwa wa mwanzo hata hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wazima waliosoma jioni katika vyuo vya elimu ya ziada baada ya kazi. Swali lililowasumbua wakubwa lilikuwa lile lile: je, mtu wa miaka 17 amekomaa kiasi cha kuambiwa jinsi akili inavyofanya kazi, wakati yake bado inajengeka?

Jibu lilitolewa na wanafunzi wenyewe, kwa miguu yao. Mwaka baada ya mwaka walizidi kulichagua. Leo saikolojia hushindania nafasi ya pili kwa wingi wa watahiniwa wa A-Level, nyuma ya hisabati, na zaidi ya vijana 70,000 huifanya kila mwaka. Karibu robo tatu yao ni wasichana. Lakini heshima haikuja pamoja na idadi. Kwa miaka mingi somo hili lilidharauliwa kuwa jepesi, la watu waliokimbia fizikia. Mamlaka za mitihani zililiweka rasmi katika kundi la sayansi mwaka wa 2008. Hata baada ya hapo, vyuo vikuu vinavyojiita Russell Group vilipochapisha mwongozo mwaka wa 2011 wa masomo yanayofungulia mtu milango mingi, saikolojia haikutajwa. Orodha hiyo iliachwa mwaka wa 2019. Sitaki kumsingizia mtu, ila sioni ni kwa nini somo lililojaa wasichana ndilo liitwe jepesi, ilhali mtaala wake unadai angalau asilimia 10 ya alama zitokane na hesabu.

Na wanasoma nini hasa? Nitatoa mfano mmoja tu kwa sababu unatugusa sisi watu wa lugha. Mwaka wa 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa moja, kitenzi ndicho kilichobadilishwa. Kundi moja liliulizwa kasi ya magari "yalipogusana", jingine "yalipogongana", jingine "yalipopondana". Waliosikia kitenzi kikali walikadiria kasi ya takriban maili 41 kwa saa. Waliosikia kitenzi cha upole, takriban maili 32. Filamu ni zile zile, macho ni yale yale. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama, waliosikia kitenzi kikali walielekea zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika, na hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Kijana aliyeuelewa utafiti huu hawezi tena kusikiliza ushahidi mahakamani, taarifa ya habari au uvumi wa bwenini kama zamani. Ataanza kuuliza: kitenzi hicho umekitoa wapi? Vivyo hivyo anaposoma jaribio la utiifu la Stanley Milgram lililochapishwa mwaka wa 1963, ambamo wanaume 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanamtesa mtu, kwa kuwa tu aliyevaa koti la maabara aliwaambia waendelee. Nadhani hofu ya wakubwa ilianzia hapa. Si kwamba somo ni gumu mno kwa kijana. Ni kwamba linamfundisha kumtazama anayetoa amri.

Hofu hiyo ilionekana peupe jimboni Florida, Marekani, mwaka wa 2023. Huko saikolojia imekuwa na mtihani wa AP, yaani kozi ya kiwango cha chuo inayofanywa shuleni, tangu 1992. Sheria ya jimbo ilikuwa imebana mafunzo kuhusu jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na jimbo likaitaka College Board, shirika linalotunga mtihani huo, kuipitia upya kozi. Shirika likakataa kuondoa sehemu iliyokuwamo kwa miaka 30. Mwanzoni mwa Agosti likatangaza kuwa kwa hakika jimbo limelipiga marufuku somo, na siku iliyofuata kamishna wa elimu akaandika kwamba linaweza kufundishwa lote mradi iwe kwa namna inayolingana na umri. Zaidi ya wanafunzi 28,000 wa jimbo hilo walikuwa wameifanya kozi hiyo mwaka uliotangulia. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu kilichozozaniwa, na hilo si la safu hii. Ninachokiona mimi ni swali la miaka ya 1970 likirudi na suti mpya: kijana aambiwe nini kujihusu?

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kwetu saikolojia haikuingia kwa mlango wa shule wala wa chuo cha ualimu. Iliingia kupitia hospitali na ofisi ya serikali ya kikoloni. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka wa 1910 kama nyumba ya kuwafungia walioitwa wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari J. C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Msomaji, rudia sentensi hiyo polepole. Mwaka uliofuata, vita vya ukombozi vikiwa vimepamba moto, mpiga chapa wa serikali jijini Nairobi alitoa ripoti yake nyingine, hii ikihusu saikolojia ya Mau Mau. Humo uasi ulielezwa zaidi kama maradhi ya watu waliotoka kwenye mila zao bila kufika kwenye usasa. Ardhi iliyonyang'anywa haikupewa uzito unaostahili.

Kwa hivyo kitabu cha kwanza chenye neno 'saikolojia' ambacho wengi wa babu zetu wangekiona, laiti wangeruhusiwa kukisoma, kiliwahusu wao na kiliandikwa dhidi yao. Aliyejibu kwa ukali alikuwa daktari mwingine wa akili, Frantz Fanon, katika kitabu chake cha 1961. Hapa Kiswahili kina haki ya kujipiga kifua kidogo: kitabu hicho kilitafsiriwa na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka wa 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Mswahili aliyetaka kujua daktari wa akili anasemaje kuhusu vita vya kikoloni angeweza kumsoma kwa lugha yake. Ni wangapi waliopewa nafasi hiyo shuleni ni jambo jingine.

Baada ya uhuru tulirithi A-Level bila kurithi mabadiliko yake. Wakati Waingereza wakifungua mlango wa saikolojia, vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita waliendelea na historia, jiografia, fasihi, hisabati na sayansi tatu. Kisha 8-4-4 ikaja mwaka wa 1985, na kundi la mwisho la A-Level likafanya mtihani mwaka wa 1989. Mtaala mpya ulileta somo la maadili na elimu ya jamii, ambalo baadaye liliondolewa. Lilikuwa jirani wa saikolojia, si ndugu yake. Lilimwambia kijana afanye nini, lakini halikumweleza ni kwa nini akili yake inamvuta kwingine. Huku vyuoni walimu wakaendelea kulishwa Piaget.

Je, ilitusaidia sisi walimu? Nitasema yangu. Mwaka wa 1996 nilikuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha tatu aliyelala darasani kila asubuhi. Wiki chache tu nyuma nilikuwa nimepata alama nzuri katika mtihani wa saikolojia ya elimu, swali la ujana na mabadiliko yake. Nilimchapa viboko mara tatu. Mara ya nne mwalimu wa zamu akaninong'oneza kwamba mamake alizikwa mwanzo wa muhula, na usiku hukaa macho bwenini. Nilijua kuandika kurasa nne juu ya huzuni ya kijana, lakini sikuitambua ilipokaa dawati la tatu kutoka mbele. Naye hakuwa na neno la kuniambia. Nilipomwita nimuulize, alichosema ni "nachoka tu, sir".

Jibu hilo limekaa nami. Laiti angekuwa na msamiati! Leo tunayo maneno: msongo wa mawazo, kiwewe, sonona. Wenzetu wa Tanzania wanalitumia 'sonona' bila kusitasita, ilhali kwetu wengi bado wanasema 'depresheni' au hawasemi kabisa. Neno halimponyi mtu, nakubali. Lakini asiye nalo hulala darasani, na mwalimu huchukua kiboko.

Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Mwaka huo huo, mwezi Machi, moto uliowashwa bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, uliua zaidi ya wavulana 60. Jopokazi lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza nidhamu na ghasia shuleni lilihimiza ushauri nasaha uimarishwe. Basi kila shule ikateua mwalimu mshauri. Mara nyingi huyo ni mwalimu wa kemia au wa dini mwenye vipindi vyake vyote, aliyepewa ofisi iliyokuwa stoo. Simlaumu. Lakini tazama mpangilio: mara nyingine tena maarifa yamepewa mtu mmoja mzima, na mwanafunzi anatakiwa abishe hodi mlangoni kwake mambo yakishaharibika.

Somo lililowahi kumpa mwanafunzi wa Kenya saikolojia kwa mkono wake ni fasihi, tena fasihi ya Kiswahili. Aliyeisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed alimfuata Maimuna kutoka kifungo cha babake hadi kuporomoka kwake. Waliosoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei kwa ajili ya KCSE walikutana na Ridhaa, aliyepoteza jamaa yake kwa moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, wakaulizwa kujadili hali yake. Kujadili hali ya Ridhaa ni nini, kama si kujadili kiwewe? Nimesahihisha insha hizo. Wanafunzi huandika vitu vya kweli kabisa kumhusu, kisha hukwama, kwa sababu tumewafundisha 'sifa za wahusika' na hatukuwapa chombo cha kueleza kinachoendelea ndani ya mhusika. Hukimbilia "ni mwenye huzuni" na "ni mvumilivu". Vyuoni wahakiki wana istilahi tele, hadi 'ung'amuzibwete' kwa ile sehemu ya akili isiyojijua. Istilahi hiyo haijawahi kushuka hadi kidato cha nne.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Nani atafundisha? Vitabu viko wapi? Je, vijana hawatageuka madaktari wa uongo, kila mmoja akimbandika mwenzake ugonjwa aliousoma jana? Hilo la mwisho hutokea. Hata sisi chuoni tulijigundua na maradhi yote ya mhadhara wa Jumatano. Kuhusu walimu, sijui tunamtafuta nani, iwapo kila mwenye shahada ya ualimu ameisoma angalau kidogo na wahitimu wa saikolojia wanatafuta kazi mjini. Vitabu ndilo tatizo la kweli. Na wakati tukijadiliana, shule za kibinafsi za Nairobi na Mombasa zinazofuata mtaala wa Cambridge zinawafundisha wanafunzi wao saikolojia ya A-Level bila kelele. Kwa hivyo suala si kama kijana wa Kenya anaweza kuisoma akiwa na miaka 17. Wapo wanaoisoma. Mzazi wao ana karo.

Mpwa wangu alichagua Historia na Uraia, Jiografia, na Fasihi ya Kiswahili. Aliniomba nimtafutie kitabu cha saikolojia cha Kiswahili kinachomfaa mtu wa umri wake. Nimezunguka maduka ya vitabu mjini, na wauzaji wamenionyesha vya ndoa, vya mafanikio na vya kulea watoto. Hatimaye nilimtolea kabatini daftari langu la chuo, pamoja na nakala kuukuu ya Viumbe Waliolaaniwa. Daftari alinirudishia baada ya siku mbili, eti linachosha. Nakala bado anayo, na amefika kwenye sura ya vita na magonjwa ya akili.